Nyundo na Unyoya Mwezini

Video fupi iliyopigwa mwezini tarehe 2 Agosti 1971 inafundisha fizikia kuliko kurasa nyingi za kitabu. David Scott, kamanda wa Apollo 15, anasimama mbele ya kamera ya televisheni. Mkono wa kulia ameshika nyundo ya kuvunjia miamba, yenye uzito wa kilo 1.32, wa kushoto ameshika unyoya wa kozi, ndege ambaye chombo chao cha kutua mwezini kilipewa jina lake, Falcon. Anaviachia kwa pamoja. Baada ya sekunde moja na ushei, vyote viwili vinagusa vumbi kwa wakati mmoja.

Duniani jambo hilo halionekani kwa sababu hewa huukinza unyoya na kuuchelewesha. Mwezini hakuna hewa ya kukinza. Nyundo huvutwa kwa nguvu zaidi, ni kweli, lakini pia ni nzito zaidi kusukumika, na mambo hayo mawili hulingana kabisa. Galileo Galilei alitetea wazo kwamba pasipo hewa vitu vyote huanguka kwa kasi ileile katika kitabu chake cha 1638, akipingana na mafundisho ya Aristotle kwamba kizito huanguka haraka zaidi.

Picha ni hafifu na unyoya unaonekana kwa shida. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kuisimamisha video, kuirudisha nyuma na kuhakikisha kwa macho yake, nafasi ambayo maelezo ya ubaoni hayampi.