Uzito wa Faili na Utajiri wa Sauti: Nyimbo za Kupakua na Kazi ya DJ katika Masisi na Walikale

Muziki unaochezwa katika arusi, ubatizo na sikukuu za Masisi na Walikale, teritwari mbili za jimbo la Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, kwa kawaida haufiki huko kwa santuri wala kwa sidii, bali hufika ukiwa faili ndani ya simu, flashi au kadi ya memori ya mtu aliyepanda pikipiki Goma akapitia Sake, ama aliyebahatika kupata mtandao wenye nguvu juu ya kilima. Likishafika, faili hilo huenea kutoka simu hadi simu, na kila anayelipokea huona jina la wimbo na la msanii, pengine na tarakimu 320 mwishoni, lakini haoni limepitia wapi. Spika ndogo ya simu huficha kasoro zake. Bafle kubwa huzianika mbele ya wageni wote, na anayeadhirika hapo si msanii wala aliyelipakua, bali ni DJ.

Ili kuelewa kasoro hizo huingia kwa mlango gani, inafaa kuanza na sidii, ambayo wimbi la sauti hupimwa ndani yake mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri na moja, kwa upande wa kushoto na wa kulia, jumla ikifikia takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Wimbo wa dakika 4 ulioandikwa hivyo bila kupunguzwa, katika muundo uitwao WAV, hula megabaiti 42 hivi. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walitafuta namna ya kupunguza mzigo huo kwa kuutegemea udhaifu wa sikio lenyewe, kwani sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, na kilichofunikwa kinaweza kutupwa bila msikilizaji kukikosa. Muundo uliotokana na kazi hiyo ulipewa mkia wa .mp3 mwezi Julai 1995. Wimbo uleule wa dakika 4 ukiwekwa katika MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde huwa na megabaiti 9.6, na katika ile ya kilobiti 128 hauzidi megabaiti 4.

Kwa mtu anayenunua megabaiti kwa vifurushi vidogo na kuchaji simu kwa sola au kwa jenereta ya mwenye kibanda, tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Kadi ya gigabaiti 8 hubeba nyimbo zipatazo 2,000 za kilobiti 128, lakini hubeba kama 800 tu za kilobiti 320, na hesabu hiyo hupungua zaidi kwa muziki wa Kongo, ambao sebene yake, yaani ile sehemu ya magitaa na ya atalaku, mwenye kupaza sauti za kuchangamsha, inayowainua watu vitini, huweza kuurefusha wimbo mmoja hadi dakika 8 au zaidi. Basi anayepakia nyimbo kwa malipo ana sababu ya kweli ya kuchagua faili dogo, na haifai kumlaumu. Linalotakiwa ni DJ ajue alichopewa.

Imani moja iliyoenea huwapotosha wengi hapa, nayo ni kwamba wimbo huchakaa kadiri unavyonakiliwa. Imani hiyo ilikuwa sahihi enzi za kaseti, ambapo kila nakala iliongeza mvumo na kupunguza ukali wa sauti, lakini faili likinakiliwa kutoka kadi hadi kadi mara mia moja, nakala ya mia ni sawasawa na ya kwanza, biti kwa biti. Kinachochakaza ni kugeuza: kutoa sauti kwenye video na kuifanya MP3, kuibana MP3 upya ili ipungue, au kuurekodi wimbo na kuutuma WhatsApp kama ujumbe wa sauti, muundo uliokusudiwa maneno ya mtu wala si muziki, ilhali wimbo huohuo ukitumwa kama hati hufika ulivyo. Tofauti hiyohiyo imo katika Bluetooth, ambayo ikitumiwa kupeleka faili kutoka simu hadi simu hailigusi, lakini ikitumiwa kupigia bafle isiyo na waya huibana sauti upya njiani. Kwa sababu hiyo DJ makini huunganisha kompyuta au simu yake na mtambo kwa waya.

Kila ugeuzaji hutupa kitu, na kilichotupwa hakirudi. Anayechukua MP3 ya kilobiti 128 na kuigeuza kuwa ya kilobiti 320 hupata faili kubwa lenye sauti ileile ya awali, tena iliyopungua kidogo. Wakazi wa Walikale, ambako mlima wa Bisie umejulikana kwa kasiteriti, yaani mawe ya bati, wanalielewa jambo hili kuliko wengi, kwa sababu mnunuzi wa madini hatosheki na uzito wa gunia wala na kibandiko kilichofungwa mdomoni mwake, bali hupima kiasi cha bati kilichomo, akijua kwamba mchanga mtupu nao una uzito. Tarakimu 320 kwenye jina la faili ni kibandiko. Haithibitishi chochote kuhusu kilichomo.

Kipimo cha kwanza ni sikio, likisaidiwa na visikizi vizuri vya kuziba masikio. Sehemu ya kusikiliza si besi, maana besi hustahimili kubanwa, bali ni sauti za juu na zile zinazoanza ghafla. Katika faili lililobanwa kupita kiasi matoazi ya ngoma hayalii tena kama shaba iliyogongwa, ila huwa kama maji yanayomiminika. Maraka husikika kama mchanga unaofagiliwa. Herufi "s" na "sh" za mwimbaji huchafuka. Na kabla ya pigo la ngoma husikika kivuli cha kelele kilichotangulia pigo lenyewe. Sebene ni mtihani mkali, kwa kuwa magitaa mawili au matatu, matoazi na sauti ya atalaku hupishana hapo kwa kasi, na mashine ya kubana hukosa biti za kutosha kwa wote. Aidha, DJ anapoharakisha au kupunguza mwendo wa wimbo huku programu ikiulinda usibadilike kimo cha sauti, kasoro hizo hujitokeza zaidi, na ndiyo maana faili linaloridhisha kwa kusikilizwa nyumbani laweza kushindwa kazini. Ikumbukwe pia kwamba masikio hupoteza sauti za juu kadiri mtu anavyozeeka na kadiri anavyosimama karibu na bafle, hivyo si vibaya DJ wa makamo kumwomba kijana asikilize pamoja naye.

Kipimo cha pili ni jicho. Programu za bure kama Spek na Audacity huchora spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti za chini upande wa chini na za juu upande wa juu, kadiri wimbo unavyoendelea. Kwa kuwa sidii hupima mara 44,100 kwa sekunde, inaweza kubeba sauti hadi kilohezi 22 hivi, wakati sikio la kijana huishia karibu na kilohezi 20. MP3 halisi ya kilobiti 320 kwa kawaida hufika kilohezi 20, na ile ya kilobiti 128 mara nyingi hukatwa karibu na kilohezi 16, kama ukuta uliopigwa kwa rula. Faili linalojiita la 320 huku picha yake ikiwa na ukuta huo kwenye kilohezi 16 lina kila dalili ya kuwa limegeuzwa.

Hata hivyo picha hiyo isifanywe hakimu wa mwisho. Muundo mpya kuliko MP3 uitwao Opus, ambao YouTube huutumia pamoja na mingine, huweza kufika kilohezi 20 hata kwa biti chache, hivyo wimbo uliotolewa huko na kugeuzwa MP3 waweza kuonekana mzima ilhali sikio linaukataa. Kwa upande mwingine, rumba za miaka ya 1950, zilizorekodiwa Kinshasa ilipokuwa bado inaitwa Léopoldville kwa lebo kama Ngoma na Loningisa, hazikuwa na sauti nyingi za juu tangu mwanzo. Picha zake hufifia taratibu kama kilima kinachoshuka, bila ukuta, na DJ anayezifuta kwa kudhani ni mafaili mabovu hupoteza hazina ya muziki ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021. Kelele ya santuri ndani yake ni ya kweli na haina aibu.

Kasoro nyingine hugunduliwa upesi: upakuaji uliokatika, unaoufanya wimbo ukome ghafla, sauti iliyopandishwa hadi vilele vya wimbi vikakatwa na kukwaruza, na sauti ya mtu aliyeipachika katikati ya kiitikio ili kutangaza tovuti yake.

Vita vimefanya elimu hii iwe ya lazima zaidi. Mji wa Rubaya, ulio Masisi, ulipotekwa na waasi wa M23 mwaka 2024, kisha Goma Januari 2025 na mji wa Walikale Machi mwaka huohuo, njia za watu na bidhaa zilivurugika, na pale ambapo mtandao na barabara havitegemeki, wimbo hauwezi kupakuliwa tena asubuhi kwa sababu wa jana ulikuwa mbovu. Mwenye nafasi ya kufika mjini, au ndugu anayetoka huko, afadhali aombe faili kwa msanii au kwa fundi wa studio, ambaye huwa na WAV ya asili, au FLAC, muundo unaopunguza uzito hadi karibu nusu bila kutupa hata biti moja.

Ombi hilo lina uzito wa pekee kwa nyimbo za Kihunde, za Kinyanga na za kwaya za makanisa ya teritwari hizi, zilizorekodiwa katika studio ndogo na kuenea kwa mkono tu. Wimbo mashuhuri wa Kinshasa ulioharibika utapatikana tena kwingine, lakini kompyuta ya studio ndogo ikifa au ikiporwa, faili lililobaki kwenye kadi ya DJ laweza kuwa ndilo la asili pekee, na akilibana hadi kilobiti 128 ili apate nafasi ya nyimbo nyingine kumi, hakuna duka wala tovuti itakayomrudishia kilichopotea.