Kumzoesha farasi mgeni

Kumzoesha farasi mgeni ni kazi ya kumtuliza na kumchunguza farasi aliyenunuliwa au kuhamishwa kutoka mahali pengine, kabla mmiliki mpya hajampanda kwa mara ya kwanza. Kwa farasi mzima aliyezoea safari huweza kuchukua siku chache. Kwa farasi kijana au mwoga huchukua wiki kadhaa.

Wanunuzi wengi huwa na haraka kwa sababu walishampanda farasi huyo kwa muuzaji naye akatulia. Lakini kule alikuwa kwao: alilijua banda, alimjua saisi (mtunza farasi) na alikuwa karibu na wenzake. Baada ya safari ya lori ni mnyama yuleyule katika hali nyingine kabisa.

Hali ya farasi mahali papya

Farasi ni mnyama wa kundi ambaye kinga yake ya kwanza ni kukimbia. Macho yake yako kando ya kichwa, hivyo huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma ya mkia na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Anaweza kusinzia akiwa amesimama, ila usingizi mzito wa ndoto humtaka alale chini, na farasi asiyejiona salama huweza kukesha usiku kadhaa bila kulala chini. Kwa hiyo anayepandwa siku ya pili huenda amechoka kuliko anavyoonekana.

Dalili za wasiwasi ni kulia mara kwa mara, kutembea bila kupumzika kando ya uzio, kutoka jasho, kuwa na kinyesi laini na kususia chakula. Anapoonekana akila polepole, masikio yamelegea, au asubuhi ana vumbi ubavuni kwa sababu amelala, ni dalili njema.

Chakula na maji

Hatari kubwa ya wiki ya kwanza mara nyingi haiko kwenye tandiko bali tumboni. Nyasi anazokula farasi huchachushwa na bakteria katika utumbo mpana, na bakteria hao huzoea chakula cha aina fulani. Chakula kikibadilishwa ghafla, hasa nafaka ikiongezwa, gesi na asidi hujaa tumboni. Matokeo yake yanaweza kuwa koliki, yaani maumivu makali ya tumbo, au laminitisi, uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumlemaza. Farasi hawezi kutapika, hivyo alichokila lazima kipite njia nzima.

Ndiyo maana inafaa kuchukua kwa muuzaji magunia machache ya chakula alichozoea na kukichanganya na kipya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14. Nyasi kavu ziwepo karibu muda wote. Nafaka ipunguzwe, maana hafanyi kazi bado.

Maji nayo yana mambo yake. Farasi wa kilo 500 hunywa takriban lita 25 hadi 40 kwa siku, zaidi kukiwa na joto, lakini baadhi hukataa maji yenye ladha ngeni. Asipokunywa, chakula hukauka na kuziba utumbo. Siku za kwanza ni bora kumpa maji kwa ndoo kuliko kwa bomba linalojifungua lenyewe, kwa sababu ndoo huonyesha amekunywa kiasi gani.

Farasi anayekwangua ardhi kwa mguu, kugeuka kuutazama ubavu wake, kujiviringisha tena na tena au kukosa kinyesi aondolewe chakula, na daktari wa mifugo aitwe mara moja. Koliki huweza kuua kwa saa chache.

Karantini

Farasi mgeni hutengwa na wengine kwa wiki 2 hadi 3. Apewe ndoo na brashi zake mwenyewe, na saisi amhudumie mwisho. Joto la mwili lipimwe mara mbili kwa siku: la kawaida ni kati ya sentigredi 37.5 na 38.5. Homa pamoja na uvimbe wenye usaha chini ya taya huashiria ugonjwa wa bakteria Streptococcus equi, ambao huenea haraka bandani. Homa baada ya safari ndefu inaweza pia kutokana na nimonia, hasa kama kichwa kilifungwa juu njiani na farasi akashindwa kukiinamisha ili kutoa kohozi.

Katika Afrika ya Mashariki kuna jambo la ziada. Ugonjwa wa farasi wa Afrika husababishwa na virusi vinavyobebwa na usubi, na huua sehemu kubwa ya farasi wasio na kinga. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuugua sana. Farasi aliyeletwa kutoka Ulaya hana kinga hiyo, hivyo huhitaji chanjo na kuingizwa bandani kabla ya jua kutua, kwani usubi huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri. Penye mbung'o, nagana ni tishio jingine. Ni sababu mojawapo ya farasi kutoenea sana katika eneo hili.

Kukutana na kundi

Baada ya karantini farasi huonana kwanza kupitia uzio. Kisha mgeni huwekwa na mwenzake mmoja mpole katika uwanja mpana usio na kona za kumbana. Mafungu ya nyasi yawe mengi kuliko idadi ya farasi.

Mafunzo ya chini

Kabla ya kupandwa, farasi huongozwa kwa kamba: kutembea, kusimama, kurudi nyuma, kuguswa mwili mzima na kuinua kwato. Dakika 15 zinatosha. Ushauri huu ni wa kale. Katika karne ya 4 KK Mgiriki Xenophon aliandika kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira, na kwamba anayeogopa kitu aonyeshwe kwa upole kuwa hakidhuru.

Tandiko likaguliwe upya mgongoni mwake, na lijamu iwe ya aina aliyozoea. Farasi anayeng'ata hewa au kurudisha masikio nyuma mkanda wa tumbo unapokazwa huenda anaumwa, si mkaidi.

Kupanda mara ya kwanza

Huchaguliwa siku isiyo na upepo mkali, mbali na saa ya chakula, katika uwanja wenye uzio. Mpandaji avae helmeti na viatu vyenye kisigino ili mguu usipenye kwenye kikuku, na awepo mtu mwingine karibu. Farasi aongozwe kwanza uwanjani, kisha apandwe kwa mwendo wa kutembea tu. Dakika 20 zinatosha, na ashukwe akiwa bado ametulia. Kutoka nje ya uzio hungoja siku nyingine, afadhali akifuatana na farasi mzoefu.