Kutuliza Maumivu ya Mama Aliyepasuliwa

Wasikilizaji wetu, mama akipasuliwa ili kutolewa uvimbe au mji wa mimba, usingizi wa dawa humtoka siku ile ile, lakini maumivu hubaki. Wengi hudhani kuwa kuyavumilia kimya ni sifa. Sivyo. Mwenye maumivu makali hapumui sawasawa wala hathubutu kuinuka kitandani; ndipo kifua huweza kuugua, na damu kuganda katika mishipa ya miguu. Basi twapenda kueleza njia tatu za kutia ganzi, na mpaka wa kila moja.

Ya kwanza ni kutia dawa katika kingo za jeraha wakati wa kushona. Ni rahisi, nayo haihitaji chombo ila sindano. Lignokaini, iliyobuniwa Uswidi mwaka 1943, hukaa muda mfupi. Bupivakaini hukaa saa kadhaa. Walakini ganzi hiyo hushika jeraha tu. Maumivu yatokayo ndani ya tumbo haiyafikii.

Ya pili ilielezwa mwaka 2001. Dawa hutiwa ubavuni, kati ya tabaka za nyama ipitamo mishipa ya fahamu, na mara nyingi daktari huiongoza sindano kwa chombo cha mawimbi ya sauti. Hushika ukuta wa tumbo kwa upana zaidi, lakini yataka fundi, wala nayo haifiki ndani.

Ya tatu ni ya mgongoni, aliyoifanya August Bier mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1898. Hiyo hufika ndani. Ganzi yenyewe huisha baada ya saa chache. Ikichanganywa na mofini kidogo sana, nafuu huweza kudumu mchana na usiku. Lakini mama huweza kuwashwa na kutapika, na pumzi zake lazima ziangaliwe. Kwa waliopasuliwa ili kuzaa imeonekana kwamba aliyepewa mofini hiyo hapati faida kubwa akiongezewa njia ya pili. Asiyepewa hufaidika nayo.

Hakuna njia itoshayo peke yake. Ndiyo sababu vidonge vya maumivu hutolewa pia. Tena kipimo cha ganzi hufuata uzito wa mwili, kwa kuwa ikizidi katika damu huleta kifafa, hata moyo kusimama. Midomo ikifa ganzi au masikio yakivuma, muuguzi aambiwe mara moja.

Basi, mama asinyamaze. Muuguzi hawezi kutibu maumivu asiyoambiwa.