Maana ya Kani Jumla katika Hesabu ya Mwendo

Katika mazungumzo ya kila siku neno nguvu hubeba maana nyingi: nguvu za mwili, nguvu za dawa, nguvu ya sheria. Elimu ya fizikia haiwezi kustahimili wingi huo wa maana, kwa kuwa kila neno lake lina kipimo chake. Kwa hiyo msukumo au mvuto unaotenda juu ya kitu huitwa kani. Kiasi cha maada kilichomo katika kitu huitwa tungamo. Na mwendo unavyozidi au kupungua kila sekunde huitwa mchapuko.

Uhusiano wa mambo haya matatu ulielezwa na Isaac Newton katika kitabu chake cha mwaka 1687. Kanuni yake, kama ifundishwavyo leo, ni fupi: kani jumla ni tungamo mara mchapuko.

Neno la kuangaliwa sana hapa ni jumla. Tuseme mkokoteni wenye tungamo la kilo 200 wasukumwa katika barabara tambarare, na baada ya sekunde 2 tangu kuondoka umefikia mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Mchapuko wake ni mita 0.5 kwa sekunde kwa kila sekunde. Basi 200 mara 0.5 ni 100, yaani kani jumla ni nyutoni 100. Mwanafunzi asiyeliangalia neno hilo atadhani kwamba wasukumaji walitoa nyutoni 100 tu. Sivyo. Ikiwa msuguano uliwapinga kwa nyutoni 200, wao walisukuma kwa nyutoni 300. Zile 100 ni baki.

Mkokoteni ukiendelea kwa mwendo usiobadilika, mchapuko ni sufuri, na kani jumla pia ni sufuri, ingawa jasho lingali likiwatoka wasukumaji. Msukumo wao na msuguano vimelingana.

Kadhalika uzito si tungamo. Muuza mchele husema uzito wa kilo mbili, na sokoni hakosei. Bali katika fizikia uzito ni kani ya mvuto wa dunia. Mkokoteni ule una uzito wa nyutoni 1,960 hivi. Mwezini ungekuwa na karibu sehemu moja ya sita ya uzito huo, na tungamo lake lingebaki kilo 200.

Kuzidisha tarakimu mbili ni kazi nyepesi. Kazi ya mwalimu ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi, kabla ya kuzidisha, amekwisha kujua jibu litakuwa kani ya nani.