Kidato cha sita kimeisha, rudi Bungu

Mitihani ya kidato cha sita huisha mwezi Mei, matokeo hutoka Julai, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Hapo katikati kuna miezi mitano ambayo mwanafunzi wa Kitanzania hatapewa tena maishani. Kijana wa Bungu, huko juu milimani wilayani Korogwe, akishashusha sanduku lake la bweni huanza kuulizwa lini anakwenda Dar kwa mjomba kusoma kompyuta.

Sehemu ya miezi hiyo ina mwenyewe tayari. Kuna Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu ya kwata, jembe na kuamka alfajiri. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994 ukarudishwa 2013. Kuna pia makaratasi ya mkopo: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, fomu ya Bodi ya Mikopo isainiwe na mdhamini na serikali ya kijiji. Anayesubiri hadi wiki ya mwisho hujikuta anamtafuta mtendaji aliyekwenda mkutanoni Korogwe. Hayo yamalizwe mapema, tuzungumze kurudi nyumbani.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alikasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, kisha akawafukuza zaidi ya 300 na kuwarudisha vijijini kwao. Adhabu yenyewe ndiyo hunishangaza: kurudi nyumbani! Wazazi wengi bado wanafikiri hivyo hivyo. Mtoto aliyefika kidato cha sita akionekana na jembe, jirani huguna.

Lakini hebu tutazame wageni wanafuata nini huku. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Steven Feierman alikuja Usambaa, akajifunza Kisambaa, akakaa na wazee akiwauliza habari za wafalme wa Kilindi na mji wao wa Vugha. Akatoka na kitabu kuhusu ufalme wa Wasambaa kilichochapishwa mwaka 1974, na baadaye kingine kuhusu wakulima wa milima hii na fikra zao. Kabla yake Abdallah bin Hemedi alikwisha kuandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) aliyezaliwa hapa anavijua vita vya Napoleon kwa tarehe, ila hajawahi kumuuliza babu yake kwa nini Wasambaa walikataa matuta ya Mwingereza miaka ya 1950. Walilazimishwa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko; kazi ilikuwa nzito, ardhi ikazidi kuwa finyu, na hasira ile ikaipa TANU wafuasi. Waliokuwa vijana wakati huo wamebaki wachache. Simu ya mkononi inarekodi. Mzee aombwe ruhusa kwanza, aandikwe jina lake na kijiji chake, na asikatizwe anapohama mada, maana mara nyingi huko anakohamia ndiko kwenye habari.

Wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) naye ana chai. Ambangulu na Dindira kuna mashamba makubwa, na wakulima wadogo wana vishamba vyao. Aingie mchumaji wa msimu akipata nafasi, ajue majani mawili na chipukizi, ajue kwa nini jani lililochumwa asubuhi halitakiwi kulala bila kufika kiwandani. Kisha akae karibu na mizani aandike: kilo ngapi, bei gani, nani alikatwa na kwa sababu gani. Kiwanda cha Mponde, upande wa Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 katika mgogoro wa wakulima na mwekezaji, kikakaa kimya kwa miaka huku chai ikigeuka msitu mashambani. Kwa anayekwenda kusomea uchumi hilo ni somo zima, na walioishi nalo wanapita barabarani kila siku. Mwaka wa tatu chuoni, wenzake watakapokuwa wanahangaika kutafuta mada ya utafiti, yeye atakuwa na daftari.

Kozi ya kompyuta siikatai. Ikipatikana Korogwe kwa ada inayolipika, aende, ajifunze kuandika na kupanga hesabu za daftari hilo.

Linalonitia wasiwasi ni mabinti. Kaka akirudi na matokeo yake anaachiwa azunguke. Dada anakabidhiwa ndoo, kuni na wadogo zake, hadi miezi inakwisha hajafika hata kwa mzee wa kitongoji cha pili. Mama anayesoma gazeti hili anaweza kumwachia mchana wa siku mbili kwa wiki, kaka ateke maji.