Ukiumwa na nyoka ukipanda mlima Amani

Njia za Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, ni tulivu. Raha hiyo ina upande wa pili: ukiumwa na nyoka, hospitali iko mbali, chini ya mlima. Jua mapema la kufanya.

Kabla ya kupanda, vaa viatu vya kufunika miguu na suruali ndefu. Nenda na mwongoza wageni. Tazama kabla ya kuvuka gogo: kifutu hujificha kwenye majani makavu, wala hakimbii akisikia hatua.

Ukiumwa:

- Sogea mbali. Usimfukuze nyoka wala kumuua.
- Vua pete, saa, bangili na kiatu kabla hujavimba.
- Tuliza mguu au mkono kwa kijiti na kanga, kama uliovunjika, bila kukaza.
- Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba, usipoteze muda kwa jiwe la nyoka.
- Usimeze aspirini wala diklofenaki. Zinaweza kuzidisha kutoka damu.

Ubebwe hadi kwenye gari. Kama hakuna wa kukubeba, tembea polepole. Nenda hospitali hata kama husikii maumivu, kwani dalili za sumu huweza kuchelewa.