Vitu vya Kale na Thamani Yake (Sehemu ya Tatu): Bendera Iliyotoka Trafalgar

Wiki iliyopita tulimaliza habari za medali. Leo tuingie kwenye bendera za manowari, ambazo wakusanyaji wa vitu vya kale vya baharini huzitafuta kwa udi na uvumba. Bendera ya meli haikutengenezwa idumu. Ni kitambaa chepesi cha sufu kinachopigwa na upepo, jua na chumvi. Ikichanika hutiwa kiraka, na isipofaa tena hutupwa. Iliyopita vitani kisha ikabaki nzima kwa miaka mia mbili ni nadra mno.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni bendera ya Uingereza iliyopepea kwenye manowari Spartiate katika vita vya Trafalgar, karibu na pwani ya Hispania, tarehe 21 Oktoba 1805. Meli hiyo ya mizinga 74 iliundwa na Wafaransa. Waingereza waliiteka huko Aboukir, Misri, mwaka 1798, na miaka saba baadaye ikawapiga Wafaransa haohao. Kabla ya vita, Admirali Horatio Nelson aliagiza kila meli yake itundike bendera ya taifa kwenye kamba ya mlingoti wa mbele. Moshi wa baruti ukishatanda, mpiga mzinga angemjuaje mwenzake na adui?

Bendera ya Spartiate ilishonwa na mabaharia wenyewe, wakiunganisha vipande 31 vya kitambaa hadi ikafikia urefu wa takriban mita 3.5 na upana wa zaidi kidogo ya mita 2. Ina matundu na michaniko inayodhaniwa kuwa ilitokana na risasi na vibanzi vya mbao vilivyorushwa na mizinga. Baada ya vita, mabaharia walimzawadia bendera hiyo Luteni James Clephan. Huyu alikuwa Mskoti, fundi mfumaji aliyeingia Jeshi la Majini mwaka 1794 akiwa baharia wa kawaida, akapanda hadi kuwa ofisa. Enzi zile uofisa ulikuwa wa watoto wa wakubwa, na waliopanda kutoka chini walikuwa wa kuhesabika. Ndiyo maana naiona zawadi hiyo kuwa kubwa kuliko nishani: watu wa chini walimpa mwenzao kazi ya mikono yao, naye, kwa kuwa alikuwa mfumaji, aliijua vizuri kazi ya nguo.

Ukoo wake uliitunza kizazi baada ya kizazi, hadi ikafika Australia. Ilipopelekwa mnadani London tarehe 21 Oktoba 2009, siku ya kumbukumbu ya vita vyenyewe, ilikadiriwa kupata kati ya pauni 10,000 na 15,000. Ikauzwa pauni 384,000.

Fedha yote hiyo ililipia ushahidi. Inajulikana ilipepea meli gani, nani alikabidhiwa, na imepita mikononi mwa nani. Linganisha na bendera ya Victory, meli ya Nelson. Katika mazishi yake, tarehe 9 Januari 1806, mabaharia waliichana bendera hiyo, kila mmoja akaondoka na kipande chake cha kumkumbuka mkubwa wao. Tangu hapo vipande vinavyodaiwa kutoka Victory vimekuwa vikiibuka minadani, na kila kimoja lazima kithibitishwe upya.

Kuthibitisha huanzia kwenye mchoro. Msalaba mwekundu wa mshazari, ulio wa Ireland, uliongezwa kwenye bendera ya Uingereza mwaka 1801. Ukiuona kwenye bendera inayodaiwa kuwa ya vita vya 1798, umeshadanganywa. Kisha tazama mshono. Cherehani zilienea katikati ya karne ya 19, kwa hiyo pindo la 1805 lazima liwe la mkono, lenye hatua zisizolingana sawasawa. Nyuzi za nailoni hazikuwepo kabla ya miaka ya 1930. Rangi nazo husema: za viwandani zilianza mwaka 1856, na maabara inaweza kuzitambua. Lakini hata kitambaa kikiwa cha zamani kweli, bado hakijathibitisha kwamba kilikuwa vitani. Hapo zinahitajika barua, wosia au daftari la meli.

Nasi pwani yetu ina historia yake ya bendera vitani. Alfajiri ya 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo. Inasimuliwa kwamba bendera ya Pegasus ilipoangushwa kwa mizinga, askari waliishika kwa mikono ili iendelee kupepea. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, na mzinga mmoja wa Königsberg umewekwa Fort Jesus, Mombasa.

Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwenu kuna bendera, kofia au kifaa cha meli kilichoachwa na babu, usikifue wala usikianike juani. Nguo ya bendera iviringishe bila kuikunja, uiweke pakavu penye giza. Kisha, kabla ya kuulizia bei, kaa na wazee uandike jina la aliyekileta, meli aliyofanyia kazi na mwaka, na karatasi hiyo uihifadhi pamoja na kitu chenyewe.